Kutoka Shamba la Mtama hadi Kompyuta: Njia ya Mtafiti Kijana wa Mimea

Mtu asafiriye kutoka Dodoma mjini kwenda Hombolo katika miezi ya Februari na Machi huona pande zote mbili za njia mashamba ya mtama na uwele. Uwanda huu wa kati, ulio kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, nayo kwa wastani haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Ndiyo sababu mkulima wa Ugogo hupanda nafaka zinazovumilia ukame. Lakini hata mvua ikinyesha vema, huenda akakuta sehemu ya mtama wake imedumaa, majani yamekunjamana na kugeuka manjano kana kwamba udongo ni mkavu. Baada ya wiki chache, chini ya mashina hayo hujitokeza mmea mdogo wenye maua mekundu ya kupendeza macho. Mmea huo ni kiduha.

Makala haya yanaeleza jinsi swali lililoanzia katika shamba kama hilo lilivyofika maabara, na kutoka maabara likaingia katika kompyuta. Tena jinsi mwanafunzi wa sekondari wa leo awezavyo kuifuata njia hiyo mpaka awe mtafiti. Tumechagua mfano wa kiduha kwa makusudi. Wanafunzi wengi hudhani kwamba biolojia ni kimbilio la wale wanaoogopa hisabati, na kwamba kompyuta ni kazi ya ofisini isiyohusiana na jembe. Dhana zote mbili ni potofu, na hasara yake humwangukia mkulima, kwa maana shida yake hubaki bila mtu wa kuichunguza.

Mwizi wa chini ya ardhi

Kiduha ni kimelea. Kina majani ya kijani na huweza kujitengenezea sehemu ya chakula chake, lakini hakiwezi kuishi bila kujishikiza katika mizizi ya mmea mwingine, hasa mtama, mahindi, uwele na ulezi. Katika nchi yetu ziko aina zaidi ya moja. Ile yenye maua mekundu huonekana sana katika sehemu za kati na kusini, na ile kubwa zaidi yenye maua ya zambarau hafifu hupatikana hasa katika Kanda ya Ziwa.

Mmea mmoja huzaa makumi ya maelfu ya mbegu. Kila mbegu ina urefu upatao sehemu ya tatu tu ya milimita, nayo huweza kulala ardhini kwa miaka kumi au zaidi bila kufa. Kwa kuwa ni ndogo mno, akiba yake ya chakula ni haba. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa kujishikiza, hufa katika siku chache. Kwa hiyo haioti ovyo. Kwanza hulowana katika udongo wa majimaji kwa muda wa wiki moja au mbili, kisha husubiri ishara ya kikemia inayotoka katika mzizi ulio karibu, milimita chache tu kutoka ilipo. Ipatapo ishara hiyo huota, hugusa mzizi, huumba kinyonyeo, hupenya ndani na kujiunga na mirija ipitishayo maji. Tangu hapo mtama hufanya kazi ya kumlisha mgeni.

Tuangalie jambo moja muhimu kwa mkulima. Sehemu kubwa ya madhara hutendeka kabla kiduha hakijachomoza juu ya ardhi. Anayeking'oa wakati kimekwisha kuonekana huzuia mbegu za miaka ijayo, lakini mavuno ya mwaka huo yamekwisha kupungua.

Kwa nini mtama humwita adui wake?

Hili ni swali ambalo mwanafunzi yeyote makini angeliuliza: ikiwa ishara hiyo huleta maangamizi, mbona mtama huendelea kuitoa?

Mwaka 1966 wanakemia wa Marekani walitangaza kwamba wamepata kemikali ya namna hiyo katika majimaji ya mizizi ya pamba, wakaiita strigoli. Ajabu ni kwamba pamba haiwezi kulisha kiduha. Baadaye zilipatikana kemikali nyingine za jamii hiyo, ambazo kwa pamoja huitwa strigolaktoni. Ilipita miaka karibu 40 kabla ya fumbo kuanza kufumbuliwa. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali hizo huwaamsha kuvu wa ardhini wanaoishi kwa ushirika na mizizi na kuiletea fosforasi. Mwaka 2008 ikathibitika kwamba kemikali za jamii hiyo ni homoni ndani ya mmea wenyewe, inayozuia machipukizi yasitawanyike kupita kiasi.

Basi mtama ulioko katika udongo maskini humwita rafiki, na kiduha, ambacho pia husikia mwito huo, humtangulia rafiki mlangoni. Kadiri udongo unavyopungukiwa na fosforasi na nitrojeni, ndivyo mwito unavyozidi. Hapo twaelewa kwa nini kiduha hushamiri katika mashamba yaliyochoka, na kwa nini samadi na mbolea husaidia kukipunguza.

Mtafiti aliyetembea kilomita 20

Gebisa Ejeta alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Ethiopia, katika nyumba ya chumba kimoja iliyoezekwa kwa nyasi. Ili asome, alitembea kilomita 20 kila mwanzo wa juma kwenda mji uliokuwa na shule, akarudi nyumbani mwisho wa juma. Kutoka hapo aliingia shule ya ufundi wa kilimo ya Jimma, kisha Chuo cha Alemaya alikohitimu mwaka 1973, na mwaka 1978 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Alifanya kazi Sudan kabla ya kurudi Purdue mwaka 1984 kama mwalimu.

Huko yeye na wenzake walitafuta njia ya kupima jambo ambalo hapo awali lilionekana kwa macho tu. Walitandaza mbegu za kiduha katika chombo chenye utelezi maangavu uitwao agari, wakapandikiza humo mche mmoja wa mtama, halafu wakapima umbali kutoka mzizi hadi mbegu ya mwisho iliyoota. Mtama wenye mwito mkubwa uliotesha mbegu za mbali. Mtama wenye mwito mdogo uliotesha zile za karibu sana, au haukuotesha kabisa. Kwa kipimo hicho, swali la shambani liligeuka kuwa tarakimu, na tarakimu zaweza kulinganishwa, kujumlishwa na kufanyiwa hesabu.

Mitama iliyochaguliwa kwa njia hiyo ilifika hadi kwetu. Baada ya majaribio katika mashamba ya wakulima, yakiwemo ya Dodoma, Tanzania iliidhinisha mwaka 2002 aina mbili zinazohimili kiduha, nazo zikapewa majina ya Hakika na Wahi. Mtaalamu wa Kitanzania aliyeshughulika sana na majaribio hayo ni Dakta A. M. Mbwaga wa kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa. Mwaka 2009 Gebisa Ejeta alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani.

Kitabu chenye herufi milioni 730

Mpaka hapo watafiti walijua kwamba mtama fulani hauiti kiduha, lakini hawakujua ni sehemu gani ya urithi wake inayosababisha hivyo. Mwaka 2009 jenomu ya mtama, yaani maandishi yote ya urithi wake, ilitangazwa kuwa imesomwa. Ina herufi zipatazo milioni 730, za aina nne tu: A, C, G na T. Kama tungezichapa herufi 3,000 katika kila ukurasa, tungepata karibu vitabu 487 vyenye kurasa 500 kila kimoja. Hakuna binadamu awezaye kuvisoma na kuvilinganisha kwa macho. Hapa ndipo kompyuta inapohitajika.

Hata hivyo kompyuta hufanya tu hesabu iliyoagizwa, na mwenye kuiagiza ni lazima ajue hila za tarakimu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ana aina 40 za mtama. 20 zina mwito mkubwa na 20 zina mwito mdogo. Anachunguza mahali 10,000 katika jenomu, akitafuta herufi inayotofautisha makundi hayo mawili. Mahali fulani anakuta tofauti ambayo kwa bahati tupu ingetokea mara moja tu katika 1,000. Je, amegundua?

Asishangilie upesi. Kwa kuwa alijaribu mahali 10,000, bahati peke yake ingempatia mahali kama 10 pa namna hiyo. Hana budi kudai ushahidi mkali zaidi, mathalani tofauti ambayo bahati ingeileta mara moja tu katika 200,000. Tena uko mtego wa pili, nao ni udugu. Mitama ya nchi moja hufanana kwa mambo mengi, kama ndugu wa baba mmoja wanavyofanana pua. Ikiwa ile yenye mwito mdogo yote imetoka mahali pamoja, zitaonekana mamia ya herufi zinazoitofautisha na mingine, ilhali nyingi hazihusiani kabisa na kiduha. Hesabu nzuri ni ile inayoondoa kwanza mfanano wa udugu.

Kazi ya namna hiyo ilizaa matunda mwaka 2017, Daniel Gobena na wenzake, akiwemo Ejeta, walipotangaza jeni waliyoiita LGS1. Jeni hiyo ikiharibika, mtama hauachi kutoa strigolaktoni. Hubadilisha tu umbo la ile inayotolewa kwa wingi. Tofauti ya maumbo hayo mawili ni ndogo, lakini mbegu ya kiduha haiamshwi vema na lile jipya.

Mwaka 2020 Emily Bellis na kundi la watafiti, miongoni mwao Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walikwenda hatua nyingine. Walichukua habari za aina za asili zaidi ya 2,000 za mtama, kila moja ikijulikana mahali ilipokusanywa, wakazilinganisha na ramani ya mahali kiduha cha maua ya zambarau kinapoweza kustawi. Waliona kwamba jeni ya LGS1 iliyoharibika hupatikana zaidi katika mitama inayotoka sehemu zenye kiduha kingi. Waliona pia dalili kwamba mahali pasipo na kiduha, badiliko hilo lina gharama kwa mmea. Hii maana yake ni kwamba mbegu inayofaa shamba moja haifai kusambazwa kila mahali pasipo kufikiri. Maana yake pia ni kwamba wakulima wa Afrika, kwa kuhifadhi mbegu za mashina yaliyosalimika mwaka hadi mwaka, walikuwa wamekwisha kuitunza dawa hiyo kabla ya maabara kuipa jina.

Njia ya mwanafunzi

Mlango wa kwanza huwa katika kidato cha tano. Mwanafunzi wa michepuo ya PCB, CBG au CBA husoma hisabati tumizi ya msingi, ijulikanayo kwa kifupi BAM, kama somo la ziada, na wengi huichukulia kuwa mzigo wa kutuliwa upesi baada ya mtihani. Lakini humo ndimo mna takwimu, uwezekano na matriki, yaani zana zile zile tulizozitaja katika mfano wa mitama 40. Anayezielewa vema amekwisha kuanza safari. Aliye katika mchepuo wa PCM naye asidhani kwamba mimea imemwacha. Wapo watafiti walioingia kwa mlango wa hisabati au wa kompyuta, kisha wakajifunza biolojia. Mmoja huja na swali akatafuta zana, mwingine huja na zana akatafuta swali.

Mlango wa pili ni shahada ya kwanza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, ndicho kitovu cha elimu ya kilimo nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha elimu ya mimea na ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki ya sayansi za asili na hisabati, na kina pia ndaki ya habari na kompyuta. Mwanafunzi mwenye bidii aweza kuwasikiliza walimu wa pande zote mbili. Wakati wa mafunzo kwa vitendo yafaa atafute nafasi katika vituo vya utafiti wa kilimo. Hombolo hushughulika na mtama na uwele, na Makutupora hushughulika na zabibu; vyote viwili ni vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Huko atajifunza kupanda jaribio kwa vitalu, kurudia vipimo, na kuandika kila siku kile alichokiona.

Mlango wa tatu ni uzamili, ambao kwa kawaida huchukua miaka miwili, na baadaye uzamivu. Hapa shauri letu ni moja: mwanafunzi atafute wasimamizi wawili, mmoja anayelijua shamba na mwingine anayezijua hesabu. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha na maabara za kimataifa zilizoko Nairobi zimewapokea vijana wengi wa namna hii. Mafunzo ya kompyuta kwa wanabiolojia nayo yamepata kusambaa. Mtandao wa H3ABioNet, ulioanzishwa mwaka 2012 hasa kwa ajili ya utafiti wa afya, uliendesha mwaka 2016 kozi ya mwanzo kwa wanafunzi 364 katika madarasa 20 ya nchi 10 za Afrika. Mihadhara ilitazamwa kwa pamoja darasani, na msaidizi wa mahali hapo akajibu maswali. Mbinu walizojifunza hutumika kwa mtama kama zinavyotumika kwa binadamu. Lugha za kuandikia programu, kama vile R na Python, hutolewa bure, na kompyuta ya kawaida yatosha kwa kuanzia.

Tusifiche ugumu wa njia hii. Dodoma ina msimu mmoja. Mwanafunzi ambaye fedha au mbegu zake zimechelewa mpaka Februari amepoteza mwaka mzima, kwa sababu mvua haimngojei mtu. Wengi hukata tamaa wakati huo. Hapo ndipo elimu ya kompyuta inapokuwa msaada mkubwa: habari za jenomu ya mtama na za mitama mingi ya asili zimewekwa wazi kwa watafiti wote, na mwanafunzi anayejua kuzichambua aweza kufanya kazi yenye thamani katika miezi ya kiangazi huku akingoja Desemba.

Hesabu bila shamba

Wengine waweza kuuliza: kama habari zote zimo katika kompyuta, kwa nini tujisumbue kwenda shambani? Jibu liko Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, ukapiga hesabu za kulima karanga katika eneo kubwa mno. Kazi ilianza mwaka 1947. Hesabu zilikuwapo, lakini mvua za Kongwa hazikuzitii, na udongo wake wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kutumia kiasi cha pauni milioni 36. Mkulima wa Kigogo aliyapajua mahali hapo kwa miaka mingi, wala tarakimu zake hazikuingizwa katika hesabu zile.

Mwanafunzi aliyelelewa katika uwanda huu anajua mambo ambayo hayamo katika kompyuta yoyote: ni shamba gani lililochoka, mbegu gani ya bibi ilisalimika mwaka wa njaa, na kiduha huanzia upande gani. Maarifa hayo ni mwanzo wa utafiti, mradi tu mwenye nayo ajue kuyageuza kuwa swali linalopimika.

Zoezi kwa mwalimu na darasa

Zoezi hili halihitaji umeme. Onyo moja kwanza: mtu asilete shuleni mbegu za kiduha kwa hali yoyote, maana zitaingia katika mashamba ya jirani.

Chukueni aina mbili za mtama zinazopatikana kijijini. Otesheni mbegu za kila aina katika kitambaa kibichi. Siku ya tano pimeni kwa milimita urefu wa mizizi ya mbegu 10 za kila aina, mtafute wastani wa kila kundi, kisha mtoe mmoja katika mwingine. Andikeni tofauti hiyo ubaoni.

Sasa andikeni vipimo vyote 20 katika vipande 20 vya karatasi. Vichanganyeni ndani ya kofia, vitoeni na kuvigawa ovyo katika mafungu mawili ya vipande 10, mkatafute tena tofauti ya wastani. Rudieni mara 50, mkigawana kazi kwa makundi. Hesabuni ni mara ngapi tofauti ya kofia imefikia au kuipita ile iliyoko ubaoni. Ikiwa ni mara 20, basi tofauti yenu ya kwanza yaweza kuwa bahati tu. Ikiwa ni mara moja, au haikutokea kabisa, mnayo sababu ya kuamini kwamba mbegu hizo kweli zinatofautiana.

Kompyuta ya mtafiti hufanya kazi iyo hiyo ya kofia, ila huirudia mara milioni. Mwanafunzi atakayeielewa kofia hiyo mwaka huu hatatishwa na kompyuta atakapofika chuo kikuu, na mtama uliodumaa aliouona kwao utakuwa bado unamngoja.